Wiki Nane Baada ya Kisu

Mbwa akigongwa Ilomba, mara nyingi kinachovunjika ni huku nyuma: fupa la paja, nyonga au goti. Kata hii ya Jiji la Mbeya imekaa kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, inayopitisha malori ya kwenda Tunduma na Zambia, na ambayo ilipangiwa kupanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Bajaji na bodaboda zinagombania pembezoni. Mbwa wa ulinzi aliyechoropoka getini hana ujuzi wa kuvuka mahali kama hapo. Wengine hufa palepale, wengine hujikokota hadi uchochoroni. Wachache hupata bahati ya mwenye mbwa anayekubali kulipa, na daktari wa mifugo anayeweza kumlaza kwa dawa ya usingizi, kufungua paja na kuunga mfupa kwa pini. Kisha mgonjwa anarudishwa nyumbani na maelekezo ambayo hayatofautiani sana popote uendapo: apumzike, apewe dawa, aletwe baada ya siku 10 hadi 14 kutolewa nyuzi.

Maelekezo hayo ni sahihi, ila yanahusu ngozi. Ngozi hufunga kwa wiki 2. Mfupa wa mbwa mzima unahitaji wiki 8 hadi 12 kuunga, na misuli iliyosinyaa inaweza kuchukua miezi kurudi. Nyuzi zikishatolewa, hakuna anayemdai mwenye mbwa arudi tena, wala hakuna anayemweleza afanye nini siku ya 15. Upasuaji mwingi unaosemekana kushindwa huwa umeshindwa hapo, uani, katika wiki ambazo hakuna aliyeziwekea mpango. Ndiyo maana suala la utengamao wa wanyama, yaani mazoezi na matunzo ya kurudisha mwili kazini baada ya upasuaji, si anasa ya mbwa wa Ulaya. Ni nusu ya pili ya kazi ambayo mtu ameshailipia nusu ya kwanza.

Tuanze na neno “apumzike”, maana ndilo linaloleta madhara kuliko yote. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa ndani na nje ya gegedu pale kiungo kinapokunjwa na kubebeshwa uzito. Kiungo kisipotembea, gegedu linakonda, mfuko unaokizunguka unajikunja, na misuli inayokivuta inapungua siku hadi siku. Mbwa aliyelazwa bandani mwezi mzima bila kuguswa anaweza kuwa na mfupa uliounga vizuri kabisa na mguu usiofaa kitu.

Mfano mbaya zaidi ni wa mbwa mchanga aliyevunjika fupa la paja karibu na goti. Akifungwa hogo mguu ukiwa umenyooshwa, au akifanyiwa upasuaji kisha akaachwa bila mazoezi, misuli ya mbele ya paja hushikamana na mfupa wenyewe pale unapounga. Goti linakataa kukunja. Ndani ya wiki 2 au 3 mguu unabaki umenyooka kama fimbo ya mchungaji, na kuanzia hapo hata daktari bingwa ana machache ya kufanya. Wengi huishia kuukata. Ni ulemavu ambao ungezuilika kwa mikono miwili ya mtu, dakika chache asubuhi, mchana na jioni.

Upande wa pili kuna mbwa anayepumzishwa kidogo mno. Hapa inabidi tuangalie mbwa anavyofugwa huku kwetu. Mbwa wa ulinzi wa Mbeya hushinda bandani mchana na kufunguliwa usiku. Hafungwi kamba na kutembezwa barabarani. Anayefanya hivyo mtaani atatazamwa na watoto kama mtu wa maonyesho. Hivyo mbwa huyu anazijua hali mbili tu, kufungiwa na kukimbia, wakati kupona kunataka hali ya tatu ambayo hajawahi kufundishwa: kutembea polepole. Siku ya 5 anaonekana mchangamfu, geti linafunguliwa usiku kwa sababu nyumba haina mlinzi mwingine, anamkimbiza paka au mpita njia, na pini inapinda. Kesho yake lawama zinamwendea daktari.

Nasisitiza polepole kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalioni. Mbwa akikimbia anaweza kuruka kwa miguu 3 na usitambue. Kasi humpa nafasi ya kuuficha mguu mbovu. Akitembezwa kwa mwendo wa mtu mzee, kwa kamba fupi, kila mguu unalazimika kukanyaga kwa zamu yake. Dakika 5 za mwendo huo mara 3 au 4 kwa siku, zikiongezwa kidogo kila wiki kwa ruhusa ya daktari, zinafanya kazi kubwa kuliko saa nzima ya kuachiwa uwanjani. Na Mbeya ina kitu ambacho kliniki za miji ya tambarare hukinunua: miteremko. Mbwa akipanda mlima uzito huhamia miguu ya nyuma. Akishuka, huhamia ya mbele. Mwenye mbwa aliyepasuliwa paja, mfupa wake ukishaanza kuunga, ana njia ya kupandisha karibu na nyumba yake na hailipii chochote. Akipita kwa kukata mshazari badala ya kupanda moja kwa moja, anaulazimisha mwili kuhamisha uzito kulia na kushoto.

Kabla ya kufika huko kuna siku za mwanzo. Saa 72 za kwanza ni za baridi. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikafungwa kitambaa, hukaa juu ya kiungo dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, ili kupunguza uvimbe na maumivu. Hapa desturi yetu inagongana na tiba. Nyanda za Juu, kama kwingi Tanzania, tiba ya kwanza ya mwili uliopigwa ni kukanda kwa maji ya moto. Mama aliyejifungua hukandwa, mchezaji wa mpira hukandwa, na mbwa anayependwa naye atakandwa. Kukanda si ujinga hata kidogo. Joto hulegeza misuli na kuandaa kiungo kwa mazoezi. Tatizo ni wakati. Joto siku ya kwanza huongeza damu na uvimbe kwenye jeraha bichi. Joto lilelile wiki ya pili, uvimbe ukiwa umeshuka, ni dawa nzuri, hasa Juni na Julai ambapo sakafu ya saruji ya banda la Mbeya inakuwa ya barafu na viungo vinakakamaa. Mgonjwa kama huyo alazwe juu ya maranda au magunia makavu. Mkoa wa jirani una mashine za mbao kila upande, kuanzia Mafinga hadi kwenye shamba la miti la Sao Hill, kwa hiyo maranda si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Baada ya baridi inakuja kazi ya mikono: kukunja na kukunjua. Mbwa analazwa kwa ubavu mzima, mguu mgonjwa ukiwa juu. Mkono mmoja unashika juu ya kiungo, mwingine chini yake, na kiungo kinakunjwa taratibu hadi pale mbwa anapogeuza kichwa au kukaza msuli, kisha kinarudishwa. Mara 10 hadi 15, kiungo kimoja kimoja, mara 3 kwa siku. Hakuna kulazimisha. Mbwa akilia umeshapita mpaka. Zoezi hili halijengi msuli, na ni vizuri kulijua hilo ili mtu asiridhike mapema. Linalinda kiungo kisigande mpaka mbwa aanze kukanyaga mwenyewe. Msuli hujengwa na kusimama. Kumkalisha na kumsimamisha, mara 5 mpaka 10, kwa kumwonyesha kipande cha dagaa, ni zoezi la paja ambalo hakuna mashine inayolishinda kwa bei. Na kwa mbwa asiyeweza kusimama bado, khanga iliyokunjwa ikapitishwa chini ya tumbo mbele ya mapaja humwinua mtu akitembea pembeni yake. Kliniki za nje huuza mikanda maalumu ya kazi hiyo. Khanga inatosha.

Nimesema mikono bila kusema ni ya nani, na kwa Ilomba hilo ndilo swali gumu. Mbwa wengi wa ulinzi hawajawahi kushikwa mguu maishani mwao. Anayewapa chakula ni kijana wa kazi au mtoto wa darasa la sita, na baba mwenye nyumba, aliyelipia upasuaji, hawezi kumkaribia mbwa wake mwenyewe. Daktari akimweleza baba mazoezi, amemweleza mtu asiyehusika. Mpango wowote wa maana unapaswa kuanza kwa kuuliza nani anamlisha, kumwita huyo aje kliniki, na kumfundisha kwa vitendo, pamoja na namna ya kufunga mdomo wa mbwa kwa kipande cha kitambaa siku za maumivu. Kuna nyumba ambazo, kwa sababu ya dini, hakuna atakayetaka kugusa pua yenye mate. Hapo nguo za kazi na glovu humaliza mjadala, ilimradi jambo lenyewe lizungumzwe wazi.

Maumivu nayo yana hatari yake. Mnyama mwenye maumivu hafanyi zoezi, kwa hiyo dawa ya maumivu ni sehemu ya utengamao, wala si huruma ya ziada. Lakini dawa ikiisha, mwenye mbwa hukimbilia duka la dawa la binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni, kwa kiasi ambacho mtu hukimeza bila wasiwasi, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Kwa paka ni balaa zaidi: mwili wake hauwezi kuivunja parasetamoli inavyotakiwa, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Meloksikamu na kaprofeni ndizo dawa za mbwa, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Ningeomba kila kliniki iandike onyo hili kwa herufi kubwa kuliko jina la daktari.

Paka, kwa kuwa tumemtaja, hahitaji ukurasa mrefu. Hatembezwi kwa kamba na hakubali ratiba ya mtu. Mazoezi yake ni mchezo wa dakika mbilimbili na chakula kinachowekwa mahali panapomlazimisha kunyoosha mwili.

Elimu hii yote imekusanywa wapi? Uingereza iliwaruhusu wafiziotherapia kuwahudumia wanyama chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo kwa amri ya mwaka 1962, na zamani wateja wakubwa walikuwa farasi wa mashindano. Marekani ilichelewa, ila ilipoingia iliingia kwa vyuo: Darryl Millis na David Levine wa Tennessee walianzisha mafunzo ya cheti kwa ajili ya mbwa, taasisi nyingine ikafunguliwa Florida mwaka 2002, na mwaka 2010 fani ikatambuliwa rasmi kuwa ubingwa wa daktari wa mifugo. Kifaa kilichoipa sura ni mkanda wa kutembelea uliozamishwa majini. Fizikia yake ni ya kuvutia. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba takriban asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, 85. Yakifika nyongani, 38 tu. Daktari anachagua kina kama anavyochagua dozi.

Je, Mbeya inakosa nini kwa kukosa mashine hiyo? Kidogo, nadhani, kwa mbwa aliyevunjika paja. Kingi zaidi kwa mbwa mzee, mzito, mwenye magoti mabovu pande zote mbili, ambaye nchi kavu kila hatua inamuuma. Watu huuliza kuhusu mito. Maji ya mito yetu ya mjini ni ya baridi na si safi, na kidonda ambacho hakijafunga hakipaswi kuyaona. Ziwa Nyasa pale Matema lina maji ya uvuguvugu, lakini liko zaidi ya kilomita 100, na safari ya namna hiyo mara 3 kwa wiki haina atakayeiweza. Afadhali nyasi ndefu: mbwa akipita kwenye majani yanayomfika magotini hulazimika kuinua kila mguu juu na kukunja viungo vyote, na hapo amepata sehemu ya faida ya maji.

Lipo jambo linalohusu uamuzi wa upasuaji wenyewe, nalo halisemwi vya kutosha. Aina ya upasuaji ichaguliwe kwa kutazama nani atamhudumia mbwa baadaye. Chukua nyonga iliyochomoka ikashindikana kurudi, au kichwa cha fupa la paja kilichopasuka. Daktari anaweza kukikata kichwa hicho na kuacha misuli na kovu vitengeneze kiungo cha bandia. Haihitaji pini wala vyuma, kwa hiyo inapendwa mahali ambapo vyuma ni ghali. Lakini ni upasuaji unaotegemea mazoezi kuliko mwingine wowote: mbwa asipoanza kuutumia mguu mapema, kovu linakaza na anabaki akining’iniza mguu. Rahisi mezani, ghali uani. Kwa nyumba isiyo na mtu wa kumfanyisha mbwa mazoezi, ni chaguo baya.

Kwa nyumba hiyohiyo, kukata mguu kabisa kunaweza kuwa busara, ingawa wengi hushtuka kusikia hivyo. Miguu ya mbele ya mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito na ya nyuma 40, maana yake mguu mmoja wa nyuma unabeba kama asilimia 20. Mbwa mwepesi aliyekatwa mguu wa nyuma hutembea baada ya siku chache, kidonda kikipona kazi imekwisha, na atabweka getini kama zamani. Kumlinganisha na binadamu aliyekatwa mguu ni kumwonea. Aibu ya ulemavu ni ya kwetu, yeye hana. Mbwa mnene, au mwenye miguu mingine mibovu, ni habari nyingine.

Na kuna anayegongwa uti wa mgongo. Hapo kabla ya mazoezi linaulizwa swali moja: anahisi maumivu akibanwa kidole cha nyuma kwa nguvu? Akihisi, kuna matumaini, pamoja na kazi kubwa ya kumgeuza kila baada ya saa 4, kumkamua mkojo mara 3 kwa siku na kumkinga na vidonda vya kulalia. Asipohisi kabisa baada ya mgongo kuvunjwa na gari, nafasi ya kutembea tena ni ndogo mno, na daktari anayemuuzia mwenye mbwa miezi ya mazoezi anamuuzia hewa.

Hadi hapa nimemzungumzia mbwa, lakini mnyama ambaye utengamao wake una pesa ndani, Nyanda za Juu Kusini, ni ng’ombe wa maziwa. Rungwe na Tukuyu, Uyole, na maeneo yanayopeleka maziwa kwenye kiwanda cha Asas kule Iringa, ni nchi ya mfugaji mwenye ng’ombe mmoja, wawili, chotara wa Friesian, wanaolishwa bandani. Mtamba mdogo akipandishwa kwa mbegu ya dume mkubwa, ndama anakuwa mkubwa kuliko njia. Anavutwa kwa kamba, au mama anapasuliwa ubavuni. Ndama akitoka, mama hainuki. Mishipa ya fahamu inayopita ndani ya nyonga imebanwa na miguu ya nyuma inatawanyika kila akijaribu kusimama.

Kinachofuata ndicho kinachoamua, na saa zinahesabika. Ng’ombe wa kilo 400 akilalia mguu mmoja kwenye sakafu ngumu, uzito wake mwenyewe unabana damu, na ndani ya saa 6 hadi 12 misuli ya mguu wa chini inaanza kufa. Yaani aliyeshindwa kusimama kwa sababu ya mshipa, kesho yake anashindwa kwa sababu ya msuli, na kesho kutwa anaitwa mchinjaji. Dawa yake ni jasho: matandiko mazito ya maranda, mchanga au majani makavu yasiyopungua sentimita 25, kumgeuza ubavu hadi ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6 usiku na mchana, kumfunga miguu ya nyuma kwa kamba laini yenye nafasi ili isitawanyike, kumsugua mapaja, na kumsaidia kusimama mara anapoonyesha nia. Kwanza daktari athibitishe kama hakosi kalisiamu, maana anayeikosa huinuka kwa chupa ya dawa. Majirani wa Rungwe hufika kumgeuza ng’ombe wa mwenzao hata usiku wa manane. Hakuna anayeona ni kituko. Kazi ileile ikifanyiwa mbwa, watu wanacheka.

Sikatai kwamba kicheko hicho kina hoja. Nchi yenyewe ina wafiziotherapia wachache wa watu. Chuo cha kutengeneza miguu bandia, TATCOT cha Moshi, kilianzishwa mwaka 1981 na mahitaji bado hayajatoshelezwa. Nani atasimama kudai mashine za mbwa? Sisimami mimi. Ninachodai hakichukui kitanda wala mtaalamu wa binadamu. Kinachukua dakika 10 za daktari wa mifugo na mikono ya yule anayemlisha mnyama. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ilishaweka baraza la kuwasimamia madaktari na wasaidizi wao, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ilishasema mnyama asiteswe. Wataalamu wanafundishwa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, na ngazi za cheti na stashahada ziko kwenye vyuo vya mifugo vya LITA. Somo la siku chache kuhusu matunzo baada ya upasuaji, likifundishwa kwa vitendo kwa maofisa mifugo wa kata, lingefika Ilomba haraka kuliko bingwa mmoja wa Dar es Salaam.

Pwani ya Kenya wameshaonyesha kwamba inawezekana bila mbwembwe. Lamu, kliniki ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987 na Elisabeth Svendsen wa The Donkey Sanctuary hutibu wanyama wa kazi na kuwaweka wagonjwa chini ya uangalizi mpaka wafae kurudi kwa wenyewe. Hapo daktari hamtegemei mwenye punda ajizuie kumbebesha mzigo mapema, kwa sababu punda yuko kwake.

Mbeya haina zizi la namna hiyo, kwa hiyo njia iliyobaki ni bei. Leo kliniki inatoza upasuaji peke yake, na ziara za baadaye zinalipiwa kila moja kivyake; mwenye mbwa aliyekwisha kutoa fedha nyingi anaona mguu unakanyaga kidogo na anaamua kutorudi. Daktari angetaja bei moja tangu mwanzo, inayobeba upasuaji, dawa za maumivu na ziara 3: ya wiki ya 2, ya 4 na ya 8, pamoja na karatasi moja ya Kiswahili yenye picha za mazoezi. Kati ya ziara, anayemlisha mbwa amrekodi kwa simu akitembea, sekunde 20 kutoka ubavuni na 20 kutoka nyuma, na kuituma video kwa WhatsApp. Kwenye video hiyo daktari ataona kama mguu unakanyaga kwa zamu yake au unarukwa, na kama kamba ni fupi inavyotakiwa.